“Walitibiwa na Kuruhusiwa”: Barua ya Fundi wa Eksirei Kuhusu Aota Iliyochanika

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno juu ya sentensi moja ambayo gazeti lako, kama magazeti yetu mengine, hufungia nayo karibu kila habari ya ajali ya barabarani: kwamba majeruhi kadhaa walitibiwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa miaka 31 nilikuwa miongoni mwa watu walioifanya sentensi hiyo iwe kweli, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kupiga picha za eksirei katika hospitali za wilaya zilizo kando ya barabara kuu, na mara nyingi picha iliyotoka mikononi mwangu ndiyo iliyoamua nani alazwe na nani aende zake. Sina ugomvi na sentensi yenyewe. Ninachotaka kueleza ni kwamba kwa mtu aliyepigwa kifuani na usukani, au aliyerushwa na bodaboda, au mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, kuruhusiwa siku ya ajali si ushahidi kwamba mshipa wake mkuu u mzima.

Mshipa huo ni aota. Hutoka kwenye chumba cha kushoto cha moyo, hupanda kidogo, hujipinda kama mpini wa mwavuli, kisha huteremka ukiegemea uti wa mgongo hadi tumboni, na moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma humo takriban lita 5 za damu kila dakika. Ukuta wake una matabaka matatu, na ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu wake uko mahali ulipofungwa. Moyo na ile sehemu iliyojipinda huning'inia kifuani na huweza kuyumba, lakini sehemu inayoteremka imeshikwa kwenye uti wa mgongo na matawi yanayokwenda mbavuni. Na pale zinapokutana, mbele kidogo ya tawi la mkono wa kushoto, pana kano fupi ambayo ni mabaki ya mfereji uliokuwa ukipitisha damu mtoto alipokuwa tumboni mwa mama yake. Gari linaposimama ghafla kwa kugonga, kinachoning'inia huendelea kwenda mbele na kilichofungwa hubaki nyuma. Mtu yeyote aliyewahi kufunga mzigo juu ya lori anajua kwamba dereva akikanyaga breki kwa nguvu kamba haikatiki katikati, bali hukatikia kwenye fundo.

Jambo hili halikuletwa na magari. Andreas Vesalius, bingwa wa kuchunguza maumbile ya mwili, alieleza tangu mwaka 1557 habari za mtu aliyetupwa na farasi akaja kufa kwa kupasuka aota. Lakini ni magari yaliyolifanya liwe la kila siku, na mwaka 1958 daktari Parmley na wenzake wa Marekani walipochapisha uchunguzi wao juu ya watu waliopasuka aota bila kuchomwa na kitu chochote, walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 walikuwa wamekufa kabla ya msaada wowote kuwafaa. Hao hawapiti katika chumba cha eksirei. Barua hii inawahusu wachache waliosalia, ambao huja wakitembea, wakiongea, na pengine wakidai simu zao zilizopotea kwenye ajali.

Kwa hao wachache, matabaka ya ndani ya mshipa yamechanika lakini tabaka la nje, pamoja na nyama zinazouzunguka, limeizuia damu isimwagike. Tairi la baiskeli likichanika ubavuni, tyubu huchungulia na kutoa nundu. Mwenye baiskeli huweza kuendelea kuiendesha kwa siku kadhaa, na fundi akiiona humwambia ashuke papo hapo. Nundu ya aina hiyo kwenye aota ndiyo madaktari wanayoiita aneurizimu bandia. Ni bandia kwa sababu si ukuta mzima wa mshipa uliotanuka kama inavyotokea kwa wazee wenye presha, bali ni mfuko wa damu uliozuiwa na ngozi nyembamba tu. Mfuko huo unaweza kupasuka baada ya saa chache. Unaweza vilevile kukaa miaka, ukikua polepole, mwenyewe asijue.

Mwaka 2007, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa dereva wa Fuso mwenye umri wa miaka 29 aliyeparamia lori lililoegeshwa barabarani bila taa wala kiakisi. Usukani ulikuwa umemwachia kifuani alama nyekundu ya nusu duara, kana kwamba amebandikwa ukingo wa sufuria ya moto. Hakuwa amevunjika ubavu hata mmoja, na hilo, ambalo lilitutuliza sote, halikupaswa kututuliza, kwa maana kifua cha kijana hubonyea na kurudi kama kikapu cha ukindu na kuiacha mifupa mizima huku kilichomo ndani kimeshavutwa. Alilalamika kwamba anaumwa katikati ya mabega. Tukasema ni mgongo. Goti lake lilikuwa limevimba hawezi kusimama, kwa hiyo nilimlaza chali, nikamwekea kaseti, yaani kisanduku bapa cha kubebea filamu, chini ya mgongo, nikampiga.

Filamu ilipotoka kwenye chumba cha giza niliitundika kwenye kisanduku cha taa ikiwa bado inachuruzika maji. Katika picha ya kifua kilicho kizima, mpindo wa aota huonekana upande wa kushoto, juu ya kivuli cha moyo, kama kifundo kidogo chenye ukingo ulionyooka vizuri, utadhani umechorwa kwa penseli kali. Kwa kijana huyu kifundo hicho kilikuwa kimefutika. Kivuli cha katikati ya kifua kilizidi sentimita 8, kipimo tulichofundishwa kukitilia shaka, na bomba la hewa lilikuwa limesogea kidogo kuelekea kulia. Nilimwita tabibu wa zamu. Aliitazama, akanigeukia na kuniuliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: “Kaka, si umempiga amelala huyu?”

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kosa lote liko katika swali hilo. Mtu akipigwa picha akiwa amesimama, amekumbatia kaseti kwa kifua na mwali ukiingia kwa nyuma kutoka umbali wa karibu mita 2, moyo na mishipa yake huonekana karibu na ukubwa wake halisi. Akipigwa amelala chali, mashine ikiwa karibu na mwali ukiingia kwa mbele, vivuli hivyo hukuzwa, sawasawa na kivuli cha mkono kinavyokua ukutani ukiusogeza kwenye kibatari. Kwa hiyo kila picha ya kulala huonyesha kifua kipana katikati, na kila mtu hospitalini amejifunza kuupuuza upana huo. Tabibu yule hakuwa mzembe. Alikuwa ameona mamia ya picha za kulala zilizotisha bure. Kilichohitajika ni kurudia: asubuhi, mgonjwa akishaweza kusimama hata kwa kushikiliwa, apigwe nyingine ya kusimama, na kama ule ukingo haujarudi apelekwe kwenye mashine ya CT, inayoupiga picha mwili kipande kwa kipande, ambapo hudungwa dawa ya kuing'arisha damu na mpasuko ukaonekana wazi. Hata picha nzuri ya kusimama haimalizi shaka yote, maana aota iliyochanika huweza kujificha kwenye eksirei isiyo na dosari. Ndiyo maana namna mtu alivyogongwa ina uzito kama ilivyo picha yenyewe.

Asubuhi alinywa chai, akajikongoja hatua moja moja hadi kwenye benchi la nje, akaomba ruhusa. Zamu yangu ilikuwa imekwisha. Kadi yake iliandikwa michubuko ya kifua na goti, akapewa vidonge vya maumivu, na filamu yake akaichukua katika bahasha ya kaki kama ilivyokuwa desturi. Gazeti, kama liliandika, liliandika sawa: alitibiwa na kuruhusiwa.

Alirudi mwaka 2013. Kilichomrudisha ni sauti. Utingo wake ndiye aliyemwambia, “Mkubwa, siku hizi mbona unanong'ona?” Alikuwa ametibiwa mafua, akatibiwa koo, akapimwa makohozi mara tatu kwa kushukiwa kifua kikuu, yote yakatoka safi. Zaidi ya hayo, kwa miaka miwili alikuwa akimeza dawa za presha zisizomsaidia, na katika miaka hiyo miwili yote hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kupata ajali, wala mwenyewe hakuona uhusiano wowote kati ya Fuso iliyokwishauzwa chuma chakavu na mashine ya kupimia presha. Safari hii nilimpiga amesimama. Penye kifundo kilichofutika mwaka 2007 sasa palikuwa na kivuli cha duara cha ukubwa wa ndimu kubwa, na pembeni mwake mstari mweupe mwembamba mithili ya ganda la yai. Ule ulikuwa chokaa: mwili ulikuwa umeupaka mfuko lipu kwa miaka sita ukijaribu kuuimarisha. Daktari kijana aliyekuwa amehamia kwetu alimwambia aende nyumbani alete picha zake za zamani, nasi tukazitundika mbili kwa pamoja, na kwa muda hatukuwa na la kusema.

Mfuko huo ulikuwa umefanya mambo matatu, na yote yalisomeka mwilini mwake bila mashine kubwa. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye koromeo upande wa kushoto hushuka kwanza kifuani, hupita chini ya mpindo wa aota, ndipo hupanda tena shingoni. Aneurizimu ilipokua iliuvuta, na sauti ikafa. Kikohozi kilitoka kwenye bomba la hewa la kushoto lililobanwa. Jambo la tatu ni la moyo, na ndilo lililokuwa likimuua polepole. Kile kipande cha tabaka la ndani kilichochanika, pamoja na mfuko wenyewe, kilikuwa kimeifanya njia ya damu kuwa nyembamba, hivyo juu ya kizuizi, kichwani na mikononi, shinikizo lilikuwa kubwa mno, na chini yake lilikuwa dogo. Daktari alimgusa mapigo ya mkono yakagonga kwa nguvu. Alimgusa kinenani yakawa hafifu, tena yakachelewa. Figo nazo, kwa kuona damu inazifikia kwa unyonge, humwaga kichocheo cha kupandisha presha zaidi, kana kwamba kosa ni la moyo kutosukuma vya kutosha.

Moyo unaosukuma dhidi ya kizuizi hufanya kama mkono wa mpiga nyundo: hunenepa. Lakini unene wa chumba cha kushoto cha moyo si afya. Misuli iliyonenepa huhitaji damu nyingi kuliko mishipa midogo ya moyo inavyoweza kuipatia, huwa migumu, hushindwa kulegea vizuri ili chumba kijae, na hatimaye damu hurundikana nyuma kwenye mapafu. Ndiyo sababu kijana huyu, aliyekuwa akibeba magunia pamoja na vibarua wake, alifikia kulala ameegemea mito mitatu. Wengine hupatwa na balaa la namna nyingine: mpasuko ukiwa kwenye shina lenyewe la aota, karibu na moyo, vali inayozuia damu isirudi hupoteza mhimili wake, na kila pigo sehemu ya damu iliyokwishatoka hurudi ndani, chumba kikatanuka badala ya kunenepa. Damu ikivujia katika utando unaoufunika moyo, moyo hubanwa mpaka ukashindwa kujaa, na hapo muda uliobaki huhesabiwa kwa dakika. Sitaji hapa moyo wenyewe kuchubuliwa na kishindo, ambalo ni jambo jingine linalostahili barua yake.

Kijana alipelekwa Dar es Salaam akapigwa CT, kisha akapelekwa India, akafunguliwa kifua upande wa kushoto na kuwekewa kipande cha bomba la kitambaa cha polista mahali pa mshipa ulioharibika. Huo ni upasuaji mzito. Damu ikisimamishwa muda mrefu, uti wa mgongo hukosa chakula na mgonjwa huweza kuamka miguu imepooza. Njia nyingine ipo, na ilianzia kwa ugonjwa huu huu: mwaka 1987, katika mji wa Kharkiv nchini Ukraine, daktari wa upasuaji Nikolai Volodos alimtibu mgonjwa mwenye aneurizimu ya aota iliyotokana na ajali kwa kupitisha bomba la kitambaa lenye waya ndani ya mshipa wenyewe, bila kufungua kifua. Leo, mahali penye vifaa na wataalamu, hiyo ndiyo njia inayotangulizwa kwa mipasuko mingi ya sehemu inayoteremka, na bomba huingizwa kupitia kinenani. Kabla ya kufika huko, tiba ya mwanzo iko ndani ya uwezo wa hospitali ya kawaida kwa mgonjwa ambaye havuji damu mahali pengine: kumtuliza maumivu, kumpa dawa za kupunguza kasi ya mapigo na shinikizo, na kutomjaza maji ya dripu bila sababu, kwa maana kila pigo lenye nguvu hulivuta lile tabaka la mwisho lililobaki.

Sijaandika barua hii kuomba kila hospitali ya wilaya ipewe mashine ya CT. Miaka ya hivi karibuni mashine hizo zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kwa hiyo safari ambayo mwaka 2007 isingewezekana leo inawezekana. Kinachokosekana ni mtu wa kuianzisha safari. Majeruhi wa barabarani hufika na PF3, fomu ya polisi, mkononi, na mara nyingi yanayoandikwa kwenye jalada lake la hospitali ni yale yanayoonekana tu: jeraha, mchubuko, mvunjiko. Naomba wanaopokea majeruhi waandike pia alivyogongwa: usukani ulimpiga kifuani au la, alirushwa umbali gani, alianguka kutoka urefu gani. Sentensi hiyo moja ikiwa kwenye kadi, daktari atakayempima presha miaka mitano baadaye atakuwa na pa kuanzia. Picha iliyopigwa mgonjwa amelala irudiwe amesimama kabla hajaruhusiwa; ni filamu moja na robo saa. Na kabla ya kumwandikia kijana dawa ya presha ya maisha, daktari amguse mkononi na kinenani kwa wakati mmoja, ambalo halina gharama yoyote.

Kuhusu mkanda wa kiti nitasema kidogo, kwa sababu wengine wamesema mengi. Mkanda hauzuii kila mpasuko wa aota, ila hupunguza sana uwezekano wa kifua kukutana na usukani. Madereva wetu wengi huutupia begani wanapomwona trafiki na kuuachia wakishampita, na nimewapiga picha wa kutosha kujua kwamba lori lililoegeshwa bila kiakisi haliangalii kama trafiki yupo.

Waandishi wako nao wanaweza kusaidia. Wanapofika hospitali kuhesabu majeruhi, wawaambie ndugu waliokuja kuwachukua kwamba maumivu kati ya mabega, kupumua kwa shida, sauti kukwama au miguu kuwa baridi baada ya ajali ya kifua ni sababu ya kurudi hospitali usiku huo huo, na kwamba bahasha ya kaki isitupwe.

Yule dereva yu hai. Presha yake imeshuka lakini haikuisha, kwani moyo ulionenepa kwa miaka sita haukurudi wote katika unene wake wa zamani, na sauti haikurudi kabisa; akinipigia simu huanza kwa kugonga kipaza sauti mara mbili ili nijue ni yeye. Nilipostaafu aliniletea filamu yake ya mwaka 2007, akasema, “Mzee, hii ikae kwako.” Ipo kabatini. Kwenye kona yake ya juu kuna neno nililoliandika usiku ule kwa penseli nyeupe, kwa mwandiko mzuri niliokuwa nikijivunia, neno lililotosha kumfanya kila aliyeishika filamu ile asiitazame mara ya pili: “amelala”.

Wako,
Fundi mstaafu wa eksirei,
Morogoro